Mwanariadha anayedanganya kuhusu dawa za kuongeza nguvu: afungiwe michezo tu, au apelekwe mahakamani?

Mwana-Mikindani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Tangu Oktoba 2025, mkimbiaji wa Kenya Ruth Chepngetich alipofungiwa miaka 3, mjadala haujapoa miongoni mwetu tunaofundisha michezo shuleni hapa Mtwara, na kwa bahati mbaya unachanganya mambo mawili ambayo napenda tuyatenganishe. La kwanza ni kutumia dawa. Hilo lina kanuni zake, maabara zake na adhabu zake, nami sina ugomvi nalo. La pili ni kusema uongo baada ya kukamatwa au kushukiwa. Baadhi ya wenzangu wanashikilia kwamba anayedanganya anastahili kushitakiwa kama mhalifu mwingine yeyote na, ikibidi, alale gerezani. Mimi nimeifuatilia historia ya mashitaka ya namna hiyo, hasa kule Marekani yalikofanyika kwa wingi, na ninachokiona ni kwamba yaliwaumiza zaidi waliokubali mwishoni kusema kweli, huku waliokaza shingo wakirudi nyumbani kwao.

Mfano wa kwanza ni mkimbiaji wa Marekani Marion Jones. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alitwaa medali 5, 3 kati ya hizo zikiwa za dhahabu. Mwaka 2003 wapelelezi wa serikali ya Marekani waliivamia kampuni ndogo ya California iitwayo BALCO, iliyokuwa ikiwapatia wanamichezo steroidi iliyotengenezwa makusudi ili vipimo visiione. Novemba mwaka huohuo Jones alihojiwa, akasema dawa hiyo hakuwahi kuitumia. Mwenye kampuni alipotamka hadharani kwamba alimpa dawa, Jones alimfungulia madai ya dola milioni 25 kwa kumchafulia jina. Hatimaye, Oktoba 2007, alisimama mbele ya mahakama akakiri kuwa alidanganya, akawaomba watu radhi huku akilia, akazirudisha medali zote. Januari 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 6, nyumbani akiacha mtoto mchanga. Haki inanitaka niongeze kwamba kesi ile ilibeba pia kosa la kuwadanganya wapelelezi kuhusu hundi za ulaghai, jambo lililomhusu mwenzi wake wa zamani, kwa hiyo miezi ile 6 haikuwa ya dawa peke yake.

Sasa mtazameni Barry Bonds wa besiboli, mchezo ambao huku kwetu hatuufuati, lakini kesi yake inafundisha. Huyu aliitwa mbele ya jopo kuu la uchunguzi Desemba 2003, akala kiapo, akakana kutumia steroidi kwa kujua. Alifunguliwa mashitaka mwaka 2007. Mwaka 2011 jopo la wananchi lilishindwa kukubaliana kuhusu mashitaka 3 ya ushahidi wa uongo, likamtia hatiani kwa kosa moja tu la kuzuia haki isitendeke. Akapewa siku 30 za kifungo cha nyumbani, na hata hatia hiyo ikafutwa na mahakama ya rufaa mwaka 2015. Roger Clemens, naye wa besiboli, aliapa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 2008 kwamba hajawahi kugusa dawa, akashitakiwa kwa makosa 6, na mwaka 2012 akaachiwa huru kwa yote 6.

Ukiziweka kesi hizo pamoja, kijana anayefuatilia atajifunza nini? Atajifunza kwamba ukishaanza kukana usirudi nyuma kamwe, kwa sababu siku utakapokiri ndiyo siku utakayofungwa. Naomba hoja zenu, hasa kutoka kwa wanasheria waliomo humu.

Wakili wa Masasi

Mwalimu, nakushukuru kwa uzi wenye mashiko, ila hitimisho lako limekimbia mbele ya ushahidi. Wapo waliokana hadi mwisho na bado wakatiwa hatiani. Mwendesha baiskeli Tammy Thomas na kocha Trevor Graham wote walikutwa na hatia mwaka 2008 katika uchunguzi uleule wa BALCO. Graham, ambaye mwanzoni ndiye aliyeipelekea mamlaka ya kupambana na dawa bomba la sindano lenye mabaki ya ile steroidi, na hivyo kuifumbua siri yote, alitiwa hatiani kwa kumdanganya mpelelezi. Ni kweli kwamba wote wawili walipewa kifungo cha nyumbani, jambo ambalo kwa namna fulani linaipa nguvu hoja yako kuliko hoja yangu, lakini hatia ni hatia.

Kuhusu Bonds, tusiseme aliponyoka kwa ukaidi. Kosa la ushahidi wa uongo ni gumu kulithibitisha, na linapaswa kuwa gumu. Upande wa mashitaka hautakiwi kuonyesha tu kwamba jambo lililosemwa si kweli. Unatakiwa kuonyesha kwamba msemaji alijua si kweli wakati anatamka, na kwamba jambo lenyewe lilikuwa na uzito katika shauri. Bonds hakukana kuwa alipewa vitu vya kumeza na vya kupaka. Alisema aliambiwa ni mafuta ya mbegu za kitani na dawa ya kuchua viungo. Kwa hiyo serikali ililazimika kuthibitisha kilichokuwa kichwani mwake, na mtu pekee aliyeweza kulisaidia hilo, yaani mkufunzi wake wa mazoezi, aligoma kutoa ushahidi hata alipowekwa ndani kwa kugoma huko. Jibu lililomtia hatiani kwenye lile kosa moja lilikuwa maelezo marefu yasiyojibu swali, kuhusu kukua akiwa mtoto wa mtu maarufu. Mahakama ya rufaa ikaona kwamba kuzunguka swali kwa namna ile hakufikii kiwango cha kuzuia haki, nami naiunga mkono, maana tukianza kuwafunga watu kwa kuzungumza bila kufika mwisho, nusu ya mashahidi ninaowahoji mimi watafungwa.

Hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 102, inahusu ushahidi wa uongo katika shauri la kimahakama, nacho kifungu cha 104 kinaweka adhabu ya hadi miaka 7. Maana ya shauri la kimahakama ni pana kidogo kuliko mahakama yenyewe, kwani inagusa pia baraza au tume yenye mamlaka ya kupokea ushahidi kwa kiapo. Kikao cha chama cha michezo ambacho watu wamekaa mezani na chupa za maji, mwenyekiti akauliza na kijana akajibu, hakimo. Kwa hiyo mwanariadha wa Mtwara akiwaambia viongozi wa chama chake kwamba hajatumia kitu, huo ni utovu wa maadili ya michezo, si jinai.

Tofauti iko hapo tu, wala haihusu michezo. Karani wa chama cha msingi cha korosho akiwadanganya wanachama kwenye mkutano kuhusu uzito uliosomwa na mizani, wanachama watamwondoa. Akiurudia uongo huo kizimbani baada ya kuapa, amevuka kwenda mahali pengine kabisa. Sioni kwa nini mwenye viatu vya kukimbilia apewe sheria tofauti na karani, iwe ya kumwonea au ya kumpendelea.

Korosho Ghafi

Wakuu, mnawahurumia waongo na kuwasahau walioibiwa. Pauline Davis-Thompson wa Bahamas alimaliza wa pili nyuma ya Marion Jones katika mita 200 kule Sydney, na dhahabu yake aliipata mwishoni mwa 2009, miaka 9 baadaye, wakati uwanja umeshasahau jina lake. Nani atamrudishia wimbo wa taifa lake kupigwa mbele ya dunia, au mikataba ambayo angeipata akiwa bado anakimbia?

Juzi tu, Septemba 2025, Alphonce Simbu wetu ametwaa dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Geuzeni matokeo yale. Chukulieni kwamba Simbu ndiye aliyeachwa kwa sekunde hizo na mtu mwenye dawa mwilini, kisha mtu huyo akakana kwa miaka 9. Mngekuwa bado mnajadili huruma? Aliyedanganya afungwe.

(Dhahabu ya Jones ya mita 100 haikupewa mtu, kwa kuwa aliyekuwa wa pili alikuja kuingia katika kashfa yake mwenyewe ya vipimo mwaka 2004. Hali ilikuwa mbaya kiasi hicho.)

Mama Nachingwea

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo nitazungumzia upande ninaoufahamu.

Mnazungumza kana kwamba anayehojiwa siku zote anajua alichokimeza. Njooni msimame nyuma ya kaunta ya duka la dawa siku moja tu. Kijana anaingia, anasema anataka vidonge vya kumnenepesha, ametumwa na rafiki yake wa kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma. Anachokitafuta ni deksamethasoni au prednisoloni, ingawa majina hayo hayajui. Mimi namrudisha bila dawa, lakini najua kwamba kuna mahali ataipata: vidonge vitahesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, vitatiwa katika kimfuko cha nailoni, na juu yake pataandikwa kwa peni 1x3 bila jina la dawa. Kijana huyo akishiriki mashindano yenye vipimo, prednisoloni ya kumeza imepigwa marufuku siku za mashindano. Akiulizwa umetumia nini, atajibu kwamba alitumia vitamini. Je, huyo amedanganya, au amejibu kwa kadiri ya kimfuko chake?

Hata dawa aliyokutwa nayo Chepngetich si ya ajabu. Hidroklorothiazidi ni dawa ya presha, ya kupunguza maji mwilini, na wazee wetu wengi wanaimeza kila asubuhi. Michezoni imekatazwa kwa sababu kukojoa sana kunaweza kuficha dawa nyingine. Kikomo cha kutolea taarifa ni nanogramu 20 kwa mililita, naye alikutwa na 3,800. Mwanzoni alisema hawezi kueleza ilivyoingia, baadaye akasema aliugua na kumeza dawa za mfanyakazi wake wa ndani. Wachunguzi hawakuyaamini maelezo hayo, na kiwango chenyewe kinanifanya nami nisite. Pamoja na hayo, alipokubali kosa na adhabu, kanuni zilimpunguzia mwaka 1 kati ya 4. Mlango huo wa kupunguziwa ndio nisiotaka tuufunge. Mtu akijua kwamba kukiri kwa wakuu wa michezo kutatumika kumfungulia jalada polisi, hatakiri, na sisi hatutajua dawa ilitoka duka gani.

Mwana-Mikindani

Mama Nachingwea, marahaba, na nakushukuru kwa kuniletea kile nilichokuwa nakitafuta bila kukipata.

Wakili, nakubaliana nawe kuhusu kiapo. Lakini ipo aina nyingine ya uongo ambayo hatujaigusa, nayo kwa maoni yangu ni nzito kuliko hata uongo wa kizimbani: uongo wa karatasi. Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya Rio 2016, alipokutwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu, mwaka 2017 alifungiwa miaka 4. Katika kujitetea alitoa maelezo na nyaraka za matibabu ambazo zilibainika kuwa za uongo, na mwaka 2019 adhabu yake ikaongezwa kufikia miaka 8. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kukosekana mahali alipotakiwa kupimwa na kwa kutoa ushahidi wa uongo. Alijitetea kwamba ajali ya barabarani ilimkwamisha, akaambatanisha picha, na picha ile ikagundulika kuwa ya ajali iliyotokea miezi kadhaa baada ya siku aliyokosa kipimo.

Mtu anayesema "sikutumia" anaongea kwa hofu, na hofu ni ya kibinadamu. Anayetafuta mhuri wa hospitali amekaa chini, amefikiri, amelipa, na mara nyingi amemshirikisha mtumishi wa afya ambaye kesho atamuuzia mwingine mhuri huohuo. Kughushi ni jinai kwa kila mtu, na hapo sioni sababu ya chama cha michezo kulimaliza jambo ndani kwa ndani.

Ndugu yangu Korosho Ghafi, uchungu wako naupokea, lakini kifungo cha Jones hakikumharakishia Davis-Thompson medali yake hata kwa siku moja. Kilichomrudishia ni kuungama kwa Jones. Laiti angeendelea kukana kama Bonds, huenda Bahamas ingekuwa inasubiri hadi leo.

Mzee wa Ilulu

Nawasoma kutoka Lindi mjini. Nimefundisha mpira wa shule kwa muda mrefu, na ninapowasikia mkitaka kuwashitaki waongo nacheka kidogo, kwa sababu uongo mkubwa wa michezo katika mikoa yetu hii miwili si wa dawa, ni wa umri. Kila UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inapokaribia vijeba wanatokea, kijana mwenye ndevu anasajiliwa kidato cha pili, cheti cha kuzaliwa kinapatikana kwa wiki. Taifa zima limeshawahi kuaibika kwa jambo hilo: Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za vijana za 2005, kisha wakaenguliwa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri.

Tulipokuwa tukiwakamata hao vijeba, aliyeadhibiwa alikuwa mtoto. Anafukuzwa kambini usiku, nauli hana, jezi anavuliwa. Mwalimu aliyemsajili anarudi darasani Jumatatu na chaki yake. Sasa mkileta sheria ya kushitaki uongo wa dawa, niambieni ni nani atakayefika mahakamani kwanza: ni kocha na daktari, au ni binti wa Ruangwa wa miaka 19 aliyefundishwa cha kusema? Jibu mnalijua.

Wakili wa Masasi

Mzee wangu, swali lako limeshajibiwa na Wamarekani wenyewe, na walilijibu baada ya kuona matokeo ya kesi zile alizozitaja Mwalimu. Desemba 2020 walipitisha sheria iliyopewa jina la Grigory Rodchenkov, mkuu wa zamani wa maabara ya Moscow aliyefichua mpango wa dawa wa Urusi. Sheria hiyo inafanya kuwa jinai kula njama ya kuwapatia wanamichezo dawa katika mashindano ya kimataifa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10, lakini imewaacha wanamichezo wenyewe nje ya mashitaka. Inawalenga wasambazaji, makocha, madaktari na wenye fedha.

Wa kwanza kushitakiwa kwa sheria hiyo alikuwa Eric Lira wa Texas, aliyempatia dawa mkimbiaji wa Nijeria, Blessing Okagbare. Lira alikiri na mwaka 2024 akahukumiwa miezi 3 jela, ambayo binafsi naiona ndogo mno kwa mtu aliyefanya biashara hiyo kuelekea Olimpiki. Okagbare hakupelekwa mahakamani, ila upande wa michezo ulimfungia miaka 10 mwaka 2022: 5 kwa dawa, na 5 nyingine kwa kukataa kushirikiana na uchunguzi. Tazama uzani huo, Mzee. Kunyamaza na kuficha kumewekewa bei sawa na dawa zenyewe, bila polisi kuhusishwa, na kwa mkimbiaji aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 30 hiyo ni sawa na kumalizwa kabisa.

Ndiyo maana nasema sheria yetu ikija kuguswa, iguswe kwa mtoa dawa na mwenye mhuri. Vifungu vya kiapo na vya kughushi tunavyo tayari, havihitaji kuandikwa upya kwa ajili ya wakimbiaji.

Korosho Ghafi

Nimewasoma wote, na kwa mtoa dawa tuko pamoja. Kwa mkimbiaji bado sijashawishika. Mnasema asifungwe, sawa, lakini fedha alizochukua? Mtu anashinda mbio, anapokea zawadi, anakana kwa miaka, kisha anafungiwa akiwa ameshajenga nyumba na kununua lori. Aliyekuwa wa pili anabaki na cheti.

Wakili wa Masasi

Hapo umegusa penyewe, ndugu yangu, na njia yake ipo: ni madai, si jinai.

Mwendesha baiskeli wa Marekani Lance Armstrong hakushitakiwa kwa jinai. Uchunguzi wa serikali dhidi yake ulifungwa Februari 2012, miezi kadhaa kabla hajavuliwa mataji yake 7 ya Tour de France. Lakini mwaka 2005 alikuwa amekula kiapo katika mgogoro wa usuluhishi na kampuni ya SCA Promotions, iliyokuwa ikikataa kumlipa bonasi ya ushindi, akaapa kwamba hajatumia dawa, na kampuni ikaishia kulipa. Baada ya yeye kukiri mbele ya televisheni Januari 2013, kampuni ilirudi kwa wasuluhishi, na mwaka 2015 wakaamuru ilipwe dola milioni 10, wakieleza wazi kwamba ni kwa sababu ya uongo ule wa chini ya kiapo. Mwaka 2018 akakubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 5 nyingine, kwa kuwa timu yake ilidhaminiwa na shirika la posta la umma.

Kiwango cha kuthibitisha madai ni chepesi kuliko cha jinai, hivyo yale mashaka yaliyomwokoa Bonds yasingekuwa na nguvu ileile. Kwa mbio zetu za hapa, waandaaji wanaweza kuanza na jambo dogo: fomu ya kujiandikisha iwe na kipengele kinachosema kwamba mshiriki atakayekutwa na dawa atarejesha zawadi yote, na kwamba zawadi hiyo itakwenda kwa aliyemfuata, kisha mshiriki atie saini mbele ya shahidi. Mwalimu akinitumia fomu wanayoitumia sasa Mtwara, nitakiandika kipengele hicho bila malipo.